Karai la Udongo wa Kwanza

Dorkas hapiti tena njia ya mkato ya kwenda kisimani. Njia ile inakatiza pembeni mwa Mbuga ya Bata, na tangu mwaka wa mvua kubwa yeye huzunguka kwa upande wa reli, hata jua likiwa la kuchoma na miguu imemvimba. Ukimuuliza, atakwambia anapenda kupita stesheni awasalimie watu. Si kweli, na mji mzima wa Itambwe unajua si kweli, ila watu wana haya zao na hawamsemi mbele yake.

Wapo wanaodhani aibu ni jambo la siku mbili tatu: unainamisha uso, watu wanapata kingine cha kuzungumza, maisha yanaendelea. Hao hawajaaibika sawasawa. Dorkas anajua ya kwake haina tarehe ya kwisha, na hamlaumu mtu kwa hilo.

Alizaliwa Mtinko, katika tembe la mfugaji aliyepata mabinti watupu kabla Mungu hajamkumbuka kwa mtoto wa kiume. Kwa hiyo ng'ombe walichungwa na mabinti, na Dorkas alikua akiwa na fimbo mkononi. Udongo mweusi wa mbuga aliujua kwa nyayo zake mwenyewe. Wakati wa kiangazi udongo ule mweusi hupasuka, nyufa zikapanuka hata mguu wa ndama ukazama. Mvua zikianza unavimba, unanata, unakuvua kandambili na kukaa nazo. Nguzo uliyoisimamisha mwezi wa nane, mwezi wa pili imelala upande. Kwao hakuna aliyewahi kujenga mbugani, hata banda la mbuzi, na hakuna aliyehitaji kuelezwa sababu.

Aliolewa Itambwe na Stefano, kijana wa genge la reli, mtu mpole aliyeshinda kutwa akikaza mataruma na jioni akirudi na vichekesho vya wasafiri. Walijenga nyumba ndogo karibu na stesheni, wakazaa, kisha Stefano akaugua tumbo akafa. Matanga hayajaisha vizuri, baba zake wadogo wakaitisha kikao. Wakasema mjane arudishwe Mtinko kwao, na nyumba apewe mpwa wao aliyekuwa anataka kuoa. Dorkas alikaa kwenye mkeka amejifunika kanga, maana katika kikao kile hakuwa na kauli.

Aliyesema ni Scola, dada mkubwa wa Stefano. Scola ni mwanamke wa maneno machache, kwenye vikao huwa anakaa karibu na mlango kama mtu aliyepita tu. Siku ile alisimama. Akasema nyumba ile ilijengwa na mdogo wake kwa ajili ya mkewe, na kwamba anayetaka kumtoa Dorkas humo aanze kumtoa yeye. Kisha akaenda kukaa mlangoni penyewe, akanyoosha miguu, akabaki hapo mpaka wazee wakachoka wakaondoka mmoja mmoja. Hivyo ndivyo Dorkas alivyobaki Itambwe.

Halafu ukaja wakati wa ruksa. Wale waliouza sabuni kwa kujificha sasa walipanga maduka barabarani, na kila aliyekuwa na sufuria kubwa akajiita mwenye hoteli. Dorkas naye akafungua yake, ya mabati makuukuu, mkabala na stesheni. Kuku wa kwanza aliowapika supu walitoka kwenye banda la Scola. Abiria wa treni walikuja kuijua supu ile, wengine wakawa wanachungulia dirishani kabla treni haijasimama. Dorkas akanenepa kidogo, akanunua redio, akaanza kusema kwa sauti. Walipotafuta mwanamke wa kuingia halmashauri kwa viti maalum, jina lake lilitajwa bila ubishi, kwa sababu, walisema, Dorkas haogopi mtu.

Basi mwaka tisini na saba likaja agizo kutoka juu. Lilisema kila mji unaopima viwanja vipya utenge theluthi kwa watu wa kipato cha chini. Viwanja hivyo viwe ndani ya mji, karibu na barabara na maji, na wenye navyo waruhusiwe kujenga kwa miti na udongo bila kudaiwa bati wala saruji. Ukilisoma, ni agizo zuri, la mtu aliyewafikiria watu. Lakini Itambwe ya mwaka ule kila mwenye tumbo alikuwa anataka kiwanja. Ng'ambo ya stesheni kuna ardhi nyekundu, imeinuka, maji hayakai, na tayari wafanyabiashara wa Singida mjini na Manyoni walishaanza kuja kuikagua wakiwa wamevaa viatu vizuri. Kuwapa akina mama wauza mlenda theluthi ya ardhi ile kuliwauma madiwani mpaka kwenye mifupa.

Mwenyekiti alikuwa Bwana Urbano, mwenye mashine ya kusaga. Urbano alijua kucheka, na kucheka kwake ndiko kulikomfikisha alikofika, maana mtu akicheka nawe ni vigumu kumkatalia. Kikao cha kwanza walisema waliotoa agizo hawaijui Itambwe. Cha pili walisema mji bado ni mdogo, masikini wake wanajulikana, na hawajalalamika. Ikaja barua ya kukumbusha, na nyingine kali zaidi, ndipo Urbano akapata njia. Akasema agizo linatakiwa kutekelezwa, na watalitekeleza lote, neno kwa neno. Ndani ya mji kuna eneo tambarare, tupu, lililopakana na barabara, na kisima kiko jirani. Eneo lenyewe likaitwa kwa jina lake la zamani mara moja tu katika kikao kile, kisha halikutajwa tena. Lilikuwa Mbuga ya Bata.

Walikwenda kuliona mwezi wa tisa, wamepanda tela la trekta, madiwani wote na bwana ardhi, kijana aitwaye Andrea. Mbuga ilikuwa kavu, imepauka, nzuri kwa macho. Andrea alishuka akazunguka kidogo, kisha akaokota kijiti akakichomeka kwenye ufa. Kijiti kikazama chote. Aliinua macho akawatazama madiwani. Kila mmoja akawa na kitu cha kuangalia upande mwingine. Dorkas alikuwa anatazama migunga midogo iliyotapakaa pale, ile inayopenda udongo mweusi, na alijisikia yuko Mtinko na fimbo mkononi.

Diwani mmoja aliuliza, kwa ajili ya kuuliza tu, kama kweli maji yako karibu.

"Maji?" akasema Urbano. "Hawa hawatayafuata maji. Maji yatawafuata wenyewe."

Tela zima lilicheka. Na Dorkas akacheka. Hakutabasamu kwa adabu, alicheka, mabega yakamtikisika, akashika ukingo wa tela asianguke. Kati ya yote aliyoyafanya mwaka ule, hicho kicheko ndicho kinachomrudia akiwa anaosha vyombo, na akikikumbuka huwa anaacha maji yatiririke bure.

Wiki iliyofuata wakapitisha. Mbuga ya Bata ikafutwa ikaitwa Mtaa wa Neema. Katika kikao hicho hicho wakakubaliana kwamba kwa kuwa madiwani wamejitolea sana, kila mmoja apate kiwanja ng'ambo ya stesheni. Cha Dorkas kikawa cha kona, uso kwa uso na mahali treni inaposimama. Alikiona kwenye ramani akakipenda kama mtu anavyopenda mtoto. Alishaiona hoteli ya matofali, yenye baraza, abiria wakiteremka moja kwa moja mezani. Urbano, kabla ya kufunga, akawauliza wajumbe kama yupo mwenye la kuongeza, na macho yake yakatua kwa Dorkas, kwa sababu yeye ndiye aliyezoea kuongeza.

"Mheshimiwa Dorkas, una neno?"

Neno alikuwa nalo. Lilikuwa fupi na kila mtu mle ndani alilijua.

"Sina neno, mwenyekiti," akasema.

Sasa, tembe la Scola lilikuwa mahali ilipopangwa stendi mpya ya mabasi, na alitakiwa ahame. Dorkas alilijua hilo tangu ramani ilipobandikwa ukutani, na alijiambia atakwenda kuzungumza na wifi yake mapema, akamweleza vizuri. Jumapili ya kwanza akasema amechoka. Ya pili treni ilichelewa na hoteli ikajaa. Ukweli ni kwamba hakujua angemwambia nini, maana maneno yote yalikuwa yanaishia kwenye kiwanja cha kona.

Scola ndiye aliyekuja. Aliingia hotelini asubuhi moja amevaa kanga ya sikukuu, na Dorkas akafuta mikono akamwamkia.

"Shikamoo, wifi."

"Marahaba, mke wetu."

Akakaa, akanywa chai bila haraka, kisha akasema amepewa kiwanja Neema, mstari wa mbele kabisa, karibu na barabara. Akasema najua ni wewe umenishika mkono huko ndani, watu wengine wamewekwa nyuma. Viwanja vile viligawiwa kwa kura, na Scola alipata mstari wa mbele kwa bahati yake. Dorkas angeweza kulisema hilo. Angeweza kusema na lile jingine. Akamwongezea chai, akasema si kitu, wifi, ni kawaida. Alipobaki peke yake aliona haya hata kuitazama kanga ya Scola ikiishia barabarani.

Wakaanza kujenga mwezi wa kumi. Tembe la zamani likabomolewa taratibu, kwa sababu mihimili yake ilikuwa ya mninga, iliyokatwa na baba yao Stefano na Scola enzi za ujana wake, na mihimili ya namna hiyo haiachwi. Familia ikihama, huhama nayo. Ilibebwa mabegani kupitia mjini mpaka Neema, watu wakisimama kuitazama. Kuta zikapanda, nguzo zikasimamishwa, mihimili ikalazwa, fito zikapangwa, nyasi zikatandikwa. Ikabaki kazi ya kupandisha udongo juu ya paa.

Kwa watu wa huku, udongo wa tembe haupandishwi na mtu mmoja. Pombe ya mtama hupikwa, majirani na ndugu huja, wanawake hujipanga na makarai, wanaume huwa juu wakipokea na kushindilia. Lakini karai la kwanza lina mwenyewe. Huliweka yule aliyekukalisha, aliyekupatia ardhi, awe baba, mjomba au mkwe. Akiliweka, amesema mbele ya watu kwamba ardhi hii ameiona, na wewe ukae bila hofu. Hakuna anayeapa wala kutia saini popote. Udongo ule ndio kiapo.

Dorkas alifika akiwa amebeba madumu ya maji, akijipanga moyoni kwamba atafanya kazi kwa bidii kuliko wote, aondoke. Udongo mwekundu wa kichuguu ulikuwa umeletwa kwa mkokoteni wa ng'ombe. Scola alijaza karai, akaja nalo mpaka aliposimama wifi yake.

"Wewe ndiye umenikalisha," akasema. "Panda."

Dorkas akasema kuna wazee, kuna wanaume wa ukoo, yeye ni mwanamke na ni mgeni katika ukoo. Watu wakacheka, wakasema mheshimiwa anajivunga. Mmoja wa wale wale baba wadogo waliotaka kumrudisha Mtinko akamshikia ngazi. Dorkas akapanda. Akiwa juu aliona Neema yote, kuta zinazoinuka huku na huku, watoto wakikimbia, na katikati yao nyufa walizokuwa wamezijaza takataka ili kuku wasitumbukie. Karai lilikuwa zito. Alijiambia kwamba miaka ya karibuni imekuwa mikavu. Alijiambia halmashauri itachimba mtaro, na kwamba yeye mwenyewe atalidai hilo kikaoni, tena kwa ukali. Alijiambia mambo mengi kwa muda mfupi, na yote yalikuwa ya mtu aliyekwisha kuamua. Akamwaga. Wanawake wakapiga vigelegele, na aliposhuka Scola akampa kibuyu cha kwanza cha pombe, akanywa, na pombe haikuwa na ladha yoyote.

Mtaro haukuchimbwa. Aliutaja mara moja, Urbano akacheka akasema fungu halipo, mambo yakaendelea.

Mvua zikaanza mwezi wa kumi na mbili, na hazikujua kukoma. Redioni walikuwa wanasema Elnino, mjini wakasema ni adhabu, kila mtu na lake. Reli ikasombwa upande wa mashariki, treni zikasimama, hoteli ya Dorkas ikawa na inzi tu. Bata maji wakarudi kwenye mbuga yao, wakaogelea kati ya nyumba kana kwamba wamejengewa wao. Dorkas alipeleka mahindi, alipeleka turubai, na kila alipofika kwa Scola aliangalia ukuta wa nyuma. Ulikuwa umeanza kuachana na mhimili. Scola naye alikuwa ameuona. Alimwambia ni udongo mpya, utajishika.

Asubuhi moja ya mwezi wa kwanza, watu wanakunywa uji, nguzo za upande mmoja zikazama. Udongo wa juu ulikuwa umelowa, uzito wake haukadiriki, na tembe likainama kama ng'ombe anayelala, miguu ya mbele kwanza. Scola aliwasukuma wajukuu wakatoka kupitia ukuta uliopasuka. Yeye alikuwa wa mwisho, na mhimili wa baba yake ukamwangukia mkono wa kulia. Siku zile zilianguka nyumba nyingi Neema, na hakufa mtu. Dorkas mpaka leo humshukuru Mungu kwa hilo, lakini kwa sauti ya chini sana, asije akaulizwa anashukuru kwa nini.

Watu wa Neema waliwekwa kwenye madarasa ya shule. Dorkas alikwenda na ndoo ya chai, akamkuta Scola amekaa ukutani chini ya ubao, mkono umefungwa kwa vipande vya mti na kanga, kwa sababu gari la kumpeleka hospitali halikuweza kupita. Akampa chai. Akamshikia kikombe anywe. Wajukuu walikuwa wanacheza mlangoni, wakilinganisha nani alitoka wa kwanza. Dorkas akaona akiondoka tena bila kusema hataweza kurudi.

"Wifi," akasema, "mbuga ile niliijua. Tangu siku ya kwanza niliijua."

Alitarajia kelele, alitarajia hata chai ya moto usoni, na kwa kweli aliitamani. Scola alimeza kwanza.

"Hata mimi niliijua," akasema. "Nani asiyeijua? Waliponionyesha vigingi nilisema moyoni, hapa sijengi, bora nikapange chumba. Kisha ukapanda juu ukaweka udongo. Nikasema, Dorkas anakaa na wakubwa, pengine kuna kitu wamefanya huko chini, anajua nisichokijua. Tangu hapo sikuogopa tena. Nililala humo na watoto kwa ajili yako."

Hakusema kwa hasira. Alisema kama mtu anayeeleza alivyopotea njia. Kisha akaomba aongezewe chai, na Dorkas akamwongezea, akamshikia kikombe.

Halmashauri ilikaa mvua zilipopungua. Walikubaliana kuandika juu kwamba agizo la viwanja vya gharama nafuu lilitekelezwa kikamilifu, na kwamba yaliyotokea baadaye ni janga. Dorkas alisimama. Alisema wote walijua. Alisema kijiti cha Andrea kilizama chote na waligeuza macho. Alisema tulicheka kwenye tela, na mimi nilicheka. Hakulia, ingawa angependa. Urbano akamjibu kwa upole, kwa sauti ya mtu anayemfariji mgonjwa, kwamba mvua zile zimeipiga dunia nzima, na kwamba huzuni ya wifi yake inaeleweka. Wengine wakaitikia kwa vichwa. Hapo Dorkas akajua kwamba aibu haigawanyiki. Wengine hawakuitaka, basi yote ikabaki kwake.

Akasema kiwanja chake cha kona anampa Scola. Urbano akamkumbusha kwamba ng'ambo ya stesheni tembe haliruhusiwi, kule ni matofali na bati.

"Basi andikeni kwamba kiwanja changu ndiyo theluthi yenu," akasema Dorkas, akachukua mkoba wake akatoka.

Hawakuandika lolote. Ila hakuna aliyethubutu kwenda kumzuia Scola asijenge tembe kule, na Andrea alikuja mwenyewe akahakiki vigingi, hakumtazama mtu usoni, akaondoka. Mkono wa Scola ulipona vibaya, ukabaki umepinda kwenye kiwiko. Kiangazi kilipoingia, mihimili ya mninga ikafukuliwa kwenye matope, ikakaushwa, ikabebwa mabegani kupitia mjini kwa mara ya pili. Safari hii watu hawakusimama kuitazama, walitazama chini.

Siku ya kupandisha udongo, Dorkas alifika mapema. Alichota maji, alikoroga, alisaidia kuchuja pombe. Alimwamkia wifi yake na wifi yake akaitikia kama siku zote. Kwa namna mambo yalivyo huku, safari hii hakukuwa na ubishi: ardhi ilikuwa yake, ameitoa kwa mkono wake, na ni ardhi njema, nyekundu, imeinuka. Kama kuna karai la kwanza alilowahi kustahili maishani ni hilo. Hakulitaka kwa majivuno. Alilitaka kwa sababu lingekuwa kama kuambiwa yamekwisha. Karai lilipojazwa, watu walimtazama yeye, na yeye, Mungu amsamehe, akafuta mikono kwenye kanga.

Scola aliinama juu ya karai. Akajaribu kulinyanyua, mkono uliopinda ukakataa. Kijana mmoja akasogea, Dorkas naye akapiga hatua. Scola akawaambia wangoje. Akaenda ndani akarudi na bakuli la bati, lile la kunywea uji wajukuu, akachota udongo, akapanda ngazi akijishikilia kwa mkono mzima, bakuli limebanwa kifuani kwa ule mbovu. Ilichukua muda. Hakuna aliyemshikia ngazi kwa sababu hakuna aliyejua kama inafaa. Alipofika juu aliumwaga udongo juu ya mihimili ya baba yake, akausawazisha kwa kiganja. Kisha akainuka, akawatazama wote pale chini, na Dorkas kati yao.

"Haya," akasema, "leteni."

Wanawake wakajipanga. Dorkas akachukua karai akasimama mwisho wa mstari, na zamu yake ilipofika akalinyanyua, na aliyekuwa juu akalipokea.